Wepesi Usiopimwa: Fremu za Magari ya Langalanga na Gharama ya Kukisia

Katika mbio za langalanga kuna imani kongwe ambayo bado inarudiwa na watu wanaoupenda mchezo huo: kwamba mhandisi anayepunguza uzito wa gari anauweka rehani uhai wa dereva. Imani hiyo haikuzuka hewani. Miaka ya 1950 na 1960 ilizika madereva wengi, na baadhi yao walikufa ndani ya magari ambayo wabunifu wake walijivunia kila kilo waliyoipunguza. Hata hivyo, ukiifuata historia ya fremu zenyewe, yaani kile kiunzi kinachobeba injini, magurudumu na mtu, ushahidi unaelekea kwingine. Fremu za nyuzi za kaboni, nyepesi kuliko za chuma na za alumini zilizozitangulia, ndizo zilizoanza kuwatoa madereva wakiwa hai katika ajali ambazo zamani zingewamaliza. Hoja yangu ni kwamba mauti mengi yaliletwa na kukisia: kuchukua mali mpya au umbo jipya na kulipeleka mbioni kabla mtu yeyote hajajua nguvu inapita wapi ndani yake, na kabla hajajua kitu hicho kitavunjika namna gani.

Fremu ina kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kubeba: injini, tangi, dereva, na mapigo yote ya barabara. Ya pili ni kukataa kujisokota. Gari likiingia kona kwa kasi, uzito hukimbilia upande mmoja, gurudumu moja hukandamizwa na jingine huachiwa, na kiunzi chote hutaka kujinyonga kutoka mbele hadi nyuma. Kikikubali, springi na shokapu zilizopangwa kwa makini hupoteza maana, kwa sababu fremu yenyewe imegeuka springi ambayo hakuna aliyeipima. Dereva hulihisi hilo mikononi: gari linajibu usukani kwa kuchelewa, na kila kona linajibu tofauti. Fremu za mwanzo, mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama, zilikuwa nzito na bado zilijisokota. Ukakamavu hutoka kwenye umbo zaidi kuliko kwenye unene. Bomba pana lenye ukuta mwembamba hukataa kusokotwa kuliko nondo yenye uzito uleule. Aliyelielewa jambo hilo aliweza kupunguza kilo na kuongeza ukakamavu kwa mkono mmoja. Asiyelielewa alipunguza kilo tu.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi unatoka Ujerumani. Kuanzia mwaka 1934 wasimamizi wa Grand Prix, wakiogopa kasi iliyokuwa ikipanda, waliweka kanuni kwamba gari lisizidi kilo 750, bila kuhesabu dereva, mafuta, maji wala matairi. Walidhani gari jepesi litalazimika kuwa na injini ndogo. Mercedes-Benz na Auto Union waliisoma kanuni hiyo kwa jicho la karakana: kila kilo iliyotoka kwenye fremu ingeweza kuhamia kwenye injini. Mihimili ya Mercedes W25 ilitobolewa matundu ili kupunguza chuma. Injini yake, ambayo mwaka 1934 ilikuwa ya lita 3.4 hivi, ilikuwa imefikia lita 5.66 katika gari lililoifuata, W125 ya mwaka 1937, ikitoa zaidi ya nguvu farasi 550. Kanuni iliyokusudiwa kupunguza kasi ilizaa magari yenye nguvu ambayo Grand Prix haikuwa imewahi kuyaona. Lakini kati ya magari hayo mawili kulitokea jambo kubwa kuliko injini. Msimu wa 1936 Mercedes walishindwa vibaya, na mhandisi kijana Rudolf Uhlenhaut, ambaye mwenyewe aliweza kuendesha kwa kasi iliyokaribia ile ya madereva wa timu, alikwenda kwenye njia ya Nürburgring kuyajaribu magari ya W25. Aligundua kuwa springi zilikuwa ngumu na fremu ilikuwa laini. Mambo yalikuwa kinyumenyume. W125 ikajengwa juu ya mabomba ya umbo la yai, ya chuma kilichochanganywa na nikeli, kroma na molibdeni, yenye kukataa kusokotwa, na springi zikalegezwa ili magurudumu yashike njia. Rudolf Caracciola akatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka huohuo.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu enzi hiyo ni kingine. Inasemekana mwaka 1934 gari la Mercedes lilizidi kilo moja kwenye mizani ya Nürburgring, na mafundi wakakesha wakikwangua rangi nyeupe hadi alumini ikabaki wazi. Alfred Neubauer, meneja wa timu, ndiye aliyekieneza. Wanahistoria wanakitilia shaka, kwa kuwa mbio zile hazikuendeshwa kwa masharti ya kilo 750. Nakitaja kwa sababu kinapendwa kupita kiasi na kinapotosha. Kinamfanya msikilizaji aamini kuwa wepesi hupatikana kwa kuondoa. Rangi huondolewa kweli, na mwaka 2023 gari la Mercedes la Formula 1 lilikimbia sehemu kubwa ya mwili wake ikiwa haina rangi, nyuzi nyeusi za kaboni zikionekana, kwa ajili ya uzito huohuo. Ila matundu ya W25 yalikuwa ni kuondoa pia, na ndiyo fremu iliyomshtua Uhlenhaut kwa ulaini wake. Kilichoikomboa timu ni mtu aliyekaa ndani ya gari, akauliza linafanya nini hasa, kisha akabadilisha umbo.

Wazo la kuachana kabisa na mihimili lilikuwa limeshazaliwa kabla ya hapo. Gabriel Voisin, Mfaransa aliyetengeneza ndege wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipeleka kwenye Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka 1923 mjini Tours magari aliyoyaita Laboratoire. Hayakuwa na fremu iliyofunikwa kwa bodi. Bodi yenyewe, ya mbao na bati la alumini, ndiyo iliyobeba mzigo. Mtumbwi wa kuchonga hauna kiunzi ndani yake: ukuta wake ndio uti wake, na ndivyo Voisin alivyotaka gari liwe. Wajenzi wa ndege walikuwa wamelijua jambo hilo kwa uzoefu, kwa kuwa hewani kila gramu isiyofanya kazi ni mzigo. Lakini injini ya Voisin ilikuwa dhaifu, chini sana ya nguvu za washindani wake, na kati ya magari yake ni lile la André Lefebvre tu lililofika mwisho, katika nafasi ya tano. Watu waliliangalia jedwali la matokeo wakahitimisha kwamba wazo limeshindwa. Kosa hilo la kuhukumu fremu kwa makosa ya injini limejirudia mara nyingi katika mchezo huu, na safari hii liligharimu karibu miaka 40. Lefebvre mwenyewe alihamia Citroën na akawa mmoja wa wahandisi wakuu wa magari ya barabarani ya karne yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uhlenhaut alirudi kwenye swali lake. Mercedes ilitaka kurejea mashindanoni, lakini haikuwa na injini ya mbio. Ilikuwa na injini nzito ya gari kubwa la abiria, modeli ya 300. Akiba pekee ilikuwa kwenye fremu. Uhlenhaut alichukua mabomba membamba ya chuma akayapanga katika pembetatu, kwa sababu pembetatu ndilo umbo pekee la mabomba lisiloweza kubadilika mpaka mojawapo ya pande zake irefuke au ifupike. Kila bomba likawa linavutwa au linasukumwa kwa urefu wake, na halikunjwi. Na chuma chembamba hustahimili mvuto na msukumo kuliko kinavyostahimili kukunjwa. Fremu ya 300 SL ya mwaka 1952 ilikuwa na uzito wa kilo kama 50. Pembetatu zilipita juu ubavuni mwa dereva, hapakuwa na nafasi ya mlango wa kawaida, na ndiyo maana milango ya gari hilo hufunguka kuelekea juu. Watu huiona milango ile kuwa ni urembo, nami naiona kuwa uthibitisho wa uaminifu wa mbunifu: pembetatu ilipodai nafasi, mlango ndio uliohama. Gari lenye injini ya abiria lilishinda saa 24 za Le Mans na Carrera Panamericana ya Meksiko mwaka huohuo.

Njia hiyo ilifikishwa kikomo chake Modena. Giulio Alfieri wa Maserati, akiwa na fedha kidogo, alijenga mwaka 1959 gari ambalo wapenzi wake waliliita Kizimba cha Ndege: vipande vya mabomba vipatavyo 200, vyembamba, vimechomelewa katika wavu ambao ndani yake hata jicho hupotea. Fremu ya gari hilo, Tipo 61, ilikuwa na kilo kama 36. Stirling Moss na Dan Gurney walishinda nayo kilomita 1,000 za Nürburgring mwaka 1960, na mwaka uliofuata ikashinda tena hapohapo mikononi mwa Masten Gregory na Lloyd Casner. Ni kazi inayostahili heshima, lakini pia inaonyesha njia ilikofika ukingoni. Kila kiungo cha kuchomelea ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na wavu wenye mamia ya viungo ni wavu ambao fundi hawezi kuukagua wote usiku mmoja kati ya mazoezi na mbio.

Waingereza ndio waliorudi kwa Voisin, na walirudi kupitia viwanda vya ndege. Malcolm Sayer, aliyechora Jaguar D-Type ya mwaka 1954, alitoka kampuni ya ndege ya Bristol. Sehemu ya katikati ya gari lake ilikuwa ganda la alumini, na magari hayo yalishinda Le Mans miaka ya 1955, 1956 na 1957. Colin Chapman wa Lotus alisomea uhandisi wa majengo katika Chuo Kikuu cha London na aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya alumini. Mwaka 1962, huko Zandvoort, aliitoa Lotus 25, gari la Formula 1 ambalo kiunzi chake kilikuwa masanduku mawili marefu ya bati la alumini lililopigwa riveti, yakiunganishwa na sakafu na kuta za kukingama, dereva akilala katikati. Lilikuwa jepesi kuliko fremu za mabomba za wakati ule na lilikataa kujisokota kwa kiasi kikubwa zaidi. Jim Clark alishinda nalo Spa mwaka huohuo, na mwaka 1963 akashinda mbio 7 kati ya 10 za ubingwa wa dunia. Katika miaka michache karibu kila mjenzi wa Formula 1 alikuwa akipiga riveti.

Hapa ndipo pingamizi kubwa la kwanza linapoingia, na halipaswi kupunjwa. Chapman, watasema, ndiye shahidi mbaya kuliko wote, kwa kuwa magari yake yalivunjika. Spa mwaka 1960, katika mazoezi, Lotus 18 ya Moss iling'oka gurudumu la nyuma kwa kasi kubwa na kumvunja miguu. Siku hiyohiyo nguzo ya usukani ya Lotus ya Mike Taylor ilikatika, naye akaishtaki kampuni na kushinda. Monza mwaka 1970 Jochen Rindt alikufa katika Lotus 72, na uchunguzi ulielekeza kwenye shafti ya breki ya mbele. Yote ni kweli. Lakini tazama vilivyovunjika: kitovu cha gurudumu, mchomeleo wa usukani, shafti ya breki. Katika kila kisa kilichokatika ni kipande kimoja kilichobeba mzigo peke yake, ambacho kikikatika hakuna kingine cha kukisaidia, na ambacho kilipunguzwa bila kupimwa vya kutosha kwa mizigo ya kurudiarudia inayochosha chuma. Ganda la Lotus 25 linafanya kazi kwa kanuni iliyo kinyume na hiyo, kwa kuusambaza mzigo kwenye eneo pana ili riveti moja ikilegea jirani zake zishike. Chapman alikuwa na akili mbili: moja ilijua mizigo, nyingine ilikuwa na haraka. Naona vibaya kuihukumu ya kwanza kwa madhambi ya pili.

Pingamizi la pili ni la kiungwana zaidi. Jack Brabham alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1966, na Denny Hulme mwaka 1967, wote wakiendesha magari ya Brabham yaliyochorwa na Ron Tauranac kwa mabomba ya chuma, wakati washindani wao walikuwa wameshahamia kwenye maganda. Basi ganda lilikuwa na faida gani? Sehemu ya jibu ni injini. Mwaka 1966 kanuni zilihamia lita 3, na Brabham alikuwa na Repco nyepesi isiyosumbua wakati wengine walikuwa bado wakitafuta injini. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Tauranac aliyajua mabomba yake yote, fremu yake iliweza kunyooshwa na kuchomelewa na fundi wa kawaida katika karakana yoyote ya Ulaya, na ufa ulionekana kwa macho. Alikuwa na mali ya zamani na ujuzi kamili juu yake. Hilo linaipa nguvu hoja yangu, kwa kuwa fremu inayoeleweka iliishinda fremu iliyo ya kisasa kuliko ufahamu wa walioijenga. Mabomba yaliondoka Brabham mwaka 1970, kanuni zilipodai matangi ya mifuko ambayo hukaa vizuri zaidi ndani ya ganda.

Mfano wa kinyume chake ni McLaren ya mwaka 1966. Robin Herd, aliyetoka kwenye utafiti wa ndege wa serikali ya Uingereza, alitumia mbao laini za balsa zilizobanwa katikati ya mabati mawili ya alumini, mali iliyobuniwa kwa sakafu za ndege. Ilikuwa nyepesi na kakamavu ajabu, lakini haikukubali kukunjwa katika mikunjo ya mwili wa gari, na McLaren wakaiacha. Frank Costin, aliyefanya kazi de Havilland, kampuni iliyojenga kwa mbao ndege ya kivita ya Mosquito, alifaulu zaidi kwa plaiwudi na gundi katika magari ya Marcos, ambayo chipukizi aitwaye Jackie Stewart aliwahi kuyaendesha mwanzoni mwa safari yake. Mbao haikuwa mzaha wala umaskini. Ni nyuzi ndani ya gundi ya asili, na mtu aliyeielewa Mosquito alikuwa ameshaelewa nusu ya yale ambayo kaboni ingekuja kuyataka: kwamba nyuzi zina mwelekeo, na mjenzi lazima azilaze upande ule nguvu inakotoka.

Magnesiamu ndiyo sura ya giza. Ni metali nyepesi kuliko alumini, na ikishika moto huwaka kwa ukali ambao maji huuzidisha. Le Mans mwaka 1955 Mercedes 300 SLR ya Pierre Levegh, yenye mwili wa aloi ya magnesiamu, iliruka hadi kwenye watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa, na mabaki ya gari yaliwaka kwa muda mrefu. Miaka 13 baadaye Honda ilitengeneza RA302, gari la Formula 1 lenye ganda la magnesiamu na injini iliyopozwa kwa hewa. John Surtees, dereva wao mkuu, alilijaribu akakataa kushindana nalo. Likapelekwa hata hivyo kwenye Grand Prix ya Ufaransa huko Rouen tarehe 7 Julai 1968, likiwa na Jo Schlesser, Mfaransa aliyekuwa akingojea nafasi kwa miaka. Mizunguko michache tu, katika mvua, liliteleza, likagonga ukingo na kulipuka, naye akafa humo. Hili silitetei kwa hoja yoyote. Mtu aliyelipima gari alikuwa ameshatoa jibu, na jibu likapuuzwa.

Lakini hata magnesiamu haiipi imani ile ya zamani ushindi kamili, kwa sababu ya Porsche. Fremu ya 917 ilikuwa ya mabomba ya alumini, yenye kilo chini ya 50, na wahandisi walijua udhaifu wake mkubwa: ufa usioonekana kwenye viungo. Wakayafunga mabomba yasivujishe, wakayajaza gesi yenye shinikizo, wakaweka geji mbele ya dereva. Sindano ikishuka, fremu imepasuka mahali fulani. Kwa maoni yangu kifaa hicho kidogo ni moja ya mawazo makubwa ya historia hii, kwa sababu ndicho kilichoifanya fremu yenyewe iseme inapougua. Mwaka 1971 Porsche ilithubutu kupeleka Le Mans 917 moja yenye fremu ya magnesiamu. Helmut Marko na Gijs van Lennep walishinda kwa umbali wa kilomita 5,335, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2010. Nakiri kwamba ushindi hauthibitishi usalama. Gari lile lingegonga, pengine leo tungelitaja pamoja na lile la Rouen. Tofauti iliyopo ni ya njia ya kazi. Porsche walifika kwenye magnesiamu baada ya miaka ya mabomba ya alumini yaliyopimwa, yaliyovunjwa kwa makusudi kwenye njia za majaribio na kujengwa upya.

Wamarekani walipitia funzo hilo kwa namna yao. Mwaka 1966 Ford ilikuwa ikijaribu gari lililoitwa J, lenye ganda la paneli za alumini zenye sega la nyuki katikati, zilizounganishwa kwa gundi, teknolojia ya ndege pia. Tarehe 17 Agosti, huko Riverside, Kalifonia, Ken Miles, aliyekuwa amefanya kazi kubwa kuliko yeyote katika kuyaendeleza magari ya Ford ya Le Mans, alipoteza udhibiti mwishoni mwa mstari mrefu; gari lilibiringika na kusambaratika, na Miles akafa. Ford hawakulitupa ganda. Walichunguza, wakaongeza kizimba kizito cha mabomba ya chuma ndani yake, na gari hilo, sasa likiitwa Mk IV, likashinda Le Mans mwaka 1967 mikononi mwa Gurney na A. J. Foyt. Katika mbio zilezile Mario Andretti aliliangusha jingine la aina hiyo kwa nguvu na akatoka na mbavu zilizoumia. Mtu aweza kusema kwamba hapa uzito ndio uliookoa. Mimi nasema kilo za kile kizimba ziliwekwa mahali palipojulikana kwa sababu ganda lilikuwa limeonyesha, kwa bei isiyolipika, ni wapi linakosa nguvu.

Na magari mazito? Waliokufa ndani yake husahaulika katika mjadala huu. Luigi Musso alikufa Reims na Peter Collins Nürburgring, wiki chache tu kati yao, msimu wa joto wa 1958, wakiwa katika Ferrari za mabomba manene zenye injini mbele. Uzito wa magari yao haukuwasaidia kitu. Collins alirushwa nje akagonga mti. Madereva wengi wa kizazi hicho hawakufunga mikanda kwa kuamini kuwa kurushwa nje ni afadhali kuliko kubaki ndani, na imani hiyo inaeleza fremu zilikuwa zimefikiriwaje: zilibeba injini na magurudumu, na mtu alikuwa mzigo uliowekwa juu yake. Ganda, kwa kumzingira dereva pande zote, lilikuwa umbo la kwanza lililoweza hata kuulizwa swali la kumlinda.

Kaboni iliingia na sifa mbaya. Nyuzi zake zenye nguvu ziliendelezwa Farnborough, Uingereza, katika miaka ya 1960; Rolls-Royce walizitumia kwenye mapanga ya injini ya ndege RB211, mapanga yakashindwa jaribio la kugongwa na ndege wenye manyoya, na mwaka 1971 kampuni ikafilisika, ingawa kwa sababu zaidi ya hiyo. Mwaka 1975 huko Montjuïc, Barcelona, mhimili wa kaboni wa bawa la nyuma la gari la timu ya Graham Hill ulikatika. Gari la Rolf Stommelen liliruka na kuua watu. Kwa hiyo John Barnard alipotangaza kuwa atajengea McLaren ganda zima la kaboni, waliosema litavunjika kama glasi hawakuwa wajinga. Inafaa kukumbuka Barnard alitaka nini. Alitaka ganda jembamba, ili mbavuni mwa gari ipatikane nafasi ya njia za hewa zinazolivuta chini, na ganda la alumini likifanywa jembamba hivyo hulegea. Ukakamavu ndio uliompeleka kwenye kaboni. Ganda lilitengenezwa na Hercules wa Utah, waliozoea kaboni kwa kazi zao za roketi. John Watson alishinda na MP4/1 Silverstone Julai 1981. Septemba, huko Monza, aliteleza akagonga ukingo. Gari likakatika vipande viwili, injini ikang'oka na kubingirika njiani, na Watson akatoka kwenye ganda bila jeraha. Katika miaka michache alumini ilitoweka Formula 1.

Mpinzani wa mwisho ananielekeza Jerez, mwaka 1990. Lotus ya Martin Donnelly, ya kaboni, iligonga ukingo na kusambaratika, naye akabaki amelala katikati ya njia akiwa bado amefungwa kwenye kiti. Aliishi, lakini hakurudi tena Formula 1. Basi kaboni si hirizi, na ni sahihi kusema kwamba wabunifu peke yao wasingewafikisha madereva mahali walipo leo. Hapa namkubalia mpinzani kwa moyo mweupe. Mbunifu akiachwa huru huipunguza fremu mpaka pale mshindani wake alipothubutu kufika, na ndiyo maana uzito wa chini kabisa ulilazimika kuandikwa: kilo 450 mwaka 1961, jambo ambalo Waingereza walilipinga vikali, 500 mwaka 1966, na 575 mwaka 1973, pale miundo ya kufyonza mgongano kuzunguka matangi ilipolazimishwa. Kanuni hizo zilibadilisha hesabu nzima. Fremu ikiweza kujengwa nyepesi kuliko kiwango, kilo zinazobaki hurudishwa kama vipande vya metali nzito chini kabisa ya gari, au hugeuzwa kuwa kinga. Katika hali zote mbili fremu nyepesi ndiyo inayotoa nafasi. Mwaka 2022 kiwango kilifika kilo 798, dereva akihesabiwa ndani, pamoja na betri na tao la titani linalolinda kichwa, na kwa kanuni za mwaka 2026 kimeshushwa hadi 768.

Kilichohama zaidi ni mahali pa jaribio. Tangu mwaka 1985 pua ya gari la Formula 1 hugongeshwa ukutani kwenye maabara kabla ya msimu, na miaka iliyofuata yaliongezwa majaribio ya ubavu, ya nyuma, ya sakafu na ya tao la juu ya kichwa. Ganda lisilofaulu halikubaliwi kushindana, hata liwe na kasi gani. Timu kubwa zimeshindwa majaribio hayo zaidi ya mara moja; hurudi karakana, husoma mahali nyuzi zilipoachana, huongeza tabaka kadhaa kwa mwelekeo tofauti, na hupeleka ganda jingine wiki chache baadaye, likiwa zito kwa gramu mia chache kuliko lile la kwanza.